Macho Yangu, Masikio Yake

Kati yetu wawili amebaki msafiri mmoja aliye kamili. Masikio ni ya mwenzangu, macho ni yangu. Mimi maneno ya watu yameanza kunifikia yakiwa mlio mtupu. Sauti inafika, maana inabaki njiani. Yeye, presha ya macho imemla kingo za dunia, polepole, bila maumivu, hata akabakiwa na tundu la katikati ambalo nalo lina ukungu. Basi tukienda mahali, mimi humwambia kilichopo, naye huniambia kilichosemwa.

Hatukuketi hata siku moja tukapatana juu ya mgawo huu. Ulikuja wenyewe, kadiri miaka ilivyotupunguza.

"Mwalimu, anasemaje?" humuuliza.

"Anasema dakika kumi, mwenye haja ateremke. Na wewe uniambie, Mwalimu, vile vyeupe kule kando ni nini?"

"Viroba vya mkaa."

Tunaitana hivyo, Mwalimu kwa Mwalimu, tangu tulipokuwa tukifundisha kweli. Kazi ilistaafu, jina likakataa.

Tangu tuliporudi kutoka Kilwa nimekuwa nikijiuliza swali lisilotaka kuisha: ni nani kati yetu aliyeiona Kilwa? Mimi niliona kuta, habari zake zikanipita. Yeye alisikia habari, kuta hazikumfikia. Tulipochanganya tulivyookota tukapata safari moja, nzuri, yenye mwanzo na mwisho. Lakini safari hiyo iko wapi? Haimo nzima kichwani mwangu, wala mwake. Imekaa katikati, pale ambapo mmoja huuliza na mwingine hujibu. Na hapo katikati, kwa umri wetu, ni mahali pa namna gani pa kuwekea kitu?

*

Safari walitulipia watoto. Walichangishana kwenye simu zao, wakatuita siku ya Jumapili, wakasema tumechoka vya kutosha, twende tukapumzike. Hao tuliowafuta kamasi wanatuhurumia sasa, na huruma yao ni tamu, tena inachoma.

Ilikuwa ziara ya kuongozwa, ya wazee watupu: Kosta yenye kiyoyozi, dereva asiye na haraka, hoteli iliyokwisha kulipiwa, chakula chenye saa yake, na kijana mwenye kipaza sauti wa kukuambia utazame wapi. Tulikuwa wastaafu wa kila namna, wauguzi, makarani, watu wa reli, walimu. Wengi tuliketi wawili wawili, hapa mume dirishani, pale mke, kila ndoa na desturi yake.

Miaka yetu yote sisi ndio tuliokuwa na filimbi. Tuliwapanga watoto mistari, tukawahesabu kabla ya kupanda lori na baada ya kushuka, tukalala macho kwa hofu ya kumwacha mmoja porini. Sasa kijana aliyezaliwa tukiwa tumeshaota mvi alitupigia makofi tukusanyike, akatuhesabu kwa kidole, akasema, "Wazee wangu, tumetimia."

Je, kuongozwa ni raha? Ni raha, nisiseme uongo. Mtu haulizi njia, habebi mzigo, haogopi giza kumkuta barabarani. Lakini ndani ya raha hiyo kuna kitu kinachoketi kimya na kutazama nje, nami sijui nikiite nini. Huenda ni ile nafsi iliyozoea kuhesabu wengine, siku ya kwanza ikijikuta imehesabiwa.

*

Njia ya Kusini tunaijua. Mbagala, Mkuranga na mikorosho yake, Kibiti, Ikwiriri, kisha Rufiji. Tuliipita tukiwa vijana, wenye ndoa changa na barua ya kupangiwa Lindi, godoro moja limefungwa juu ya basi. Siku hizo mto haukuwa na daraja. Kulikuwa na pantoni, na pantoni ilikuwa na hiari yake. Maji yakipanda, mnangoja. Injini ikigoma, mnangoja. Masika magari yalinasa kwenye tope upande wa Ndundu, siku zikapita, abiria wakajuana mpaka ukoo, wakapikiana, wakaoneana haya, kisha haya zikawaisha.

Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Benjamin Mkapa, Rais wa wakati ule, mwenyewe mtu wa Kusini. Urefu wake unakaribia kilomita moja. Kosta ililipita nikiwa bado natafuta miwani. Niliona maji mazito ya udongo, fungu la mchanga lililojitokeza, mtumbwi mmoja. Kisha vyuma vya ukingo vikaisha na miti ikaanza.

"Tumeshavuka?" akaniuliza.

"Tumeshavuka."

Nani alie kwa ajili ya pantoni? Ule mto uliwachelewesha wagonjwa, ukaozesha mizigo ya watu, ukawafanya watu wa Kusini waonekane wanaishi nchi nyingine. Sitaki irudi. Wala siwaamini wazee wenzangu wanaosifia dhiki kwa kuwa waliivuka wakiwa na nguvu. Ujana wao ndio wanaousifia, dhiki wameisingizia tu. Hata hivyo, kitu kisichostahili kupendwa kikiondoka huondoka na vyote vilivyokuwa vimekishikilia. Ukingoni mwa mto ule, katika kungoja kule, ndipo nilipojua kwamba mke wangu anaogopa maji na hasemi.

Au ndivyo nikumbukavyo. Yeye anasema hakuogopa. Aliyeogopa ni mimi.

Katika jambo la pantoni hatujapata kukubaliana. Mimi nasema tulivuka magharibi, jua likizama upande maji yanakotoka. Yeye anasema ilikuwa alfajiri, na ukungu umelala juu ya mto. Mimi namkumbuka mama mwenye mtoto wa homa, tuliyempa blanketi letu. Yeye anamkumbuka mbuzi aliyekata kamba akarukia majini. Na blanketi, asema, halikutoka kwenye mzigo. Tumebishana juu ya mbuzi huyu mbele ya watoto, tukabishana mbele ya wakwe, sasa tunabishana mbele ya wajukuu ambao hawajui hata pantoni ni kitu gani. Kila mmoja wetu ana hakika ya kutosha kuapia.

Nani atuamue? Dereva wa basi lile hatumjui jina. Utingo wake, kadhalika. Wazee waliotupokea Lindi wamelala mchangani. Abiria wa pantoni ile, kwa kadiri tujuavyo, tumebaki wawili. Siku mmoja wetu atakaposhuka, atakayebaki atakuwa huru kabisa. Atasema magharibi au atasema alfajiri, atamweka mbuzi au atamwondoa, na hakuna chini ya jua atakayemwambia: hapana, haikuwa hivyo.

Zamani nilidhani kinachotisha katika kufiwa ni kukosa mtu wa kukubaliana naye. Siku hizi nashuku kinachotisha ni kukosa wa kubishana naye. Mambo yaliyonipata, yakibaki na mimi peke yangu, yatatofautiana vipi na mambo niliyoyaota?

*

Katika Kosta yetu alikuwamo mjane. Alichagua kile kiti cha mtu mmoja, karibu na mlango, akaweka mkoba mapajani, na juu ya mkoba daftari la shule. Kijana wa kipaza sauti akisema neno, yeye anaandika. Mwaka wa daraja, anaandika. Jina la kijiji, anaandika. Bei ya korosho, na kwamba imekuwa kubwa, anaandika. Sisi walimu humheshimu mtu anayeandika, tena humtilia shaka kidogo, kwa kuwa tumeona wengi wanaoandika ili wasisikilize.

Tuliposimama Somanga kwa samaki wa kukaanga, mwenzangu aliketi naye kwenye benchi. Akamuuliza, "Dada yangu, hayo yote unamwandikia nani?"

"Simwandikii mtu," akajibu. "Naandika kwa kuwa jioni sina wa kumuuliza."

Mwenzangu alinirudia maneno hayo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Kiziwi ana upendeleo huo mmoja, nami huutumia.

Jioni alikuwa akimuuliza nini mumewe? Nimewaza sana juu ya hilo. Bila shaka vitu vidogo. Yule bwana wa tiketi alisemaje? Ile nyumba yenye baraza ilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto? Leo tulikula changu au kolekole? Jioni ya watu waliooana muda mrefu imejaa hayo: siku inaletwa sebuleni, inageuzwa huku na huku, inakubaliwa au inakataliwa, ndipo inaruhusiwa kuwa jana. Bila hilo, siku inakwenda wapi?

Kwa lile pengo kubwa watu huja. Hutandika mikeka, huchinja, hupika kwenye masufuria ya kuazima, hulala matanga, husoma arobaini. Nashukuru kwa hayo. Nimeyafanyia wengine na nitafanyiwa. Lakini arobaini ikiisha kila mtu hurudi kwake, na mjane hubaki na jioni ya kawaida kabisa, jioni ya Jumatano, anataka kujua kama ni changu au kolekole. Msiba huo una mkeka gani? Nani ampe pole kwa samaki?

Na daftari, je? Daftari linajibu. Lakini linajibu yale tu uliyoliambia. Haliwezi kukukatiza.

*

Tulilala Kilwa Masoko, na asubuhi boti ikatuvusha kwenda Kisiwani. Maji yalikuwa ya kiangazi, yametulia. Mwenzangu alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili kutoka mwanzo hadi mwisho, nami sikusema kitu juu ya hofu ya maji.

Wageni wa kutembezwa hatukuwa wa kwanza kufika pale. Mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, mtu wa Tangier, akiwa bado kijana. Akapokewa, akakaa kidogo, akaondoka. Zaidi ya miaka ishirini ikapita, akayaona ya India na mengine ya mbali zaidi, ndipo aliporudi kwao na kuketi Fez na mwandishi aliyeitwa Ibn Juzayy, akamsomea kwa kumbukumbu yote aliyoyaona duniani. Kitabu kikakamilika mwaka 1355. Kilwa, alisema, ni mmoja wa miji mizuri kupita yote, na nyumba zake ni za mbao.

Za mbao! Mwenzangu aliponirudia hilo nilikuwa ndani ya Msikiti Mkuu, kiganja changu kiko juu ya nguzo ya jiwe la matumbawe. Msikiti ule ulianza kujengwa katika karne ya 11, na karibu na siku alizofika mgeni huyo ukawa unapanuliwa, matao juu ya matao, kuba juu ya kuba. Mawe alipita katikati yake. Akamkumbuka sultani, Hasan bin Sulaiman, aliyemvulia fukara nguo zake za mwilini akampa, akazikumbuka mbao, jiwe likamtoka. Au mwandishi ndiye aliyekosea? Au walionakili baadaye? Wenye elimu yao hawajaacha kuulizana.

Mimi nilijikuta namwonea huruma. Bwana yule alioa mara nyingi njiani, na njiani akaacha. Siku ya imla kule Fez hakuwapo hata mmoja wa kusimama mlangoni amwambie, we bwana, mawe yale yote huyakumbuki?

Mwenzangu yeye aliuona msikiti kwa vidole. Alitembea na ukuta, akisimama penye chokaa laini na penye jiwe lililoliwa. Nilimweleza mwanga unavyoingia kwenye kuba zilizotoboka. Akasema, "Huo nauhisi usoni."

Mji wenyewe umeachiwa masimulizi mawili ya kale, na hayapatani. Moja liliandikwa kwa Kiarabu, likaanza kutungwa katika karne ya 16, Wareno wakiwa wameshapita. Nakala yake iliyobaki ilinakiliwa Zanzibar katika karne ya 19, na sasa iko London. Kitabu hicho mtungaji alikiita cha liwazo. La pili tunalipata kwa Mreno, João de Barros, katika kitabu alichochapisha Lisbon mwaka 1552. Yote mawili yanamjua Ali bin Hasan aliyetoka Shiraz, na jinsi kisiwa kilivyonunuliwa kwa nguo; la Kiarabu linasema kwa nguo za kukizunguka kisiwa chote. Baada ya hapo yanaachana. Orodha za masultani hazilingani. Miaka hailingani. Huyu anatajwa hapa, kule hayupo.

Kijana wetu alilisema hilo kwa masikitiko, ndivyo alivyonieleza mwenzangu, kwamba kwa bahati mbaya hatuwezi kujua lipi ni la kweli. Nikawaza: bahati mbaya? Mji uliobomolewa ukabakiwa na midomo miwili inayobishana juu yake una utajiri ambao miji mingi haina. Pale yanapogongana ndipo ninapoamini kwamba kulikuwa na kitu. Simulizi likibaki moja, nani atajua kama si ndoto ya mtungaji?

Kisha kuna sarafu. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, za shaba, ndogo. Upande mmoja jina la sultani; upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu; na pande hizo mbili zina vina. Usome mbele, ugeuze, nyuma inakamilisha. Nilimweleza mwenzangu umbo lake, yeye akanieleza habari ya vina. Kuna zilizolika upande mmoja kwa chumvi na mikono ya watu. Hizo kina chake kinamngoja nani?

*

Nisiseme kwamba kisiwa kile ni makaburi. Watu wanaishi pale. Wavuvi, nyumba za udongo na miti, watoto waliotusalimia shikamoo kwa foleni mpaka mmoja wetu akachoka kuitikia marahaba. Nyavu zimeanikwa karibu na ukuta wa karne ya 15 na hakuna anayeona ajabu. Wareno waliupora mji mwaka 1505; dhahabu ya Sofala ikatafuta njia nyingine; wakaja wengine na biashara mbaya zaidi, ya watu; mji ukapungua, ukapungua. Lakini haukufa siku moja, na wala sijui kama umekufa. Ni lini hasa mahali huacha kuwa mahali? Anapoondoka sultani? Anapoondoka aliyemkumbuka sultani?

Magofu haya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014. Bahari ndiyo iliyokuwa ikiyala, na bado ina njaa. Inayala kutoka kingoni.

Kwenda Husuni Kubwa kuna mwendo, kisha mpando. Magoti ya mwenzangu yalikataa. Aliketi kivulini na wanawake wa kisiwani waliokuwa wakichambua mboga, akaniambia, "Nenda, Mwalimu. Uniletee."

Nikaenda. Kwa mara ya kwanza katika safari ile nilikuwa na macho bila masikio.

Husuni Kubwa ni jumba lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, mwanzoni mwa karne ya 14. Jina la Hasan bin Sulaiman limepatikana pale, limechongwa kwenye jiwe. Vyumba vyake vinapita mia. Kuna nyua zilizoshuka chini, zenye ngazi za kukalia, na kuna bwawa la kuogelea la pembe nane. Na jumba lile halikumalizika. Watu walikaa humo kwa muda mfupi, kisha wakaliacha. Ibn Battuta, aliyemwona sultani huyo huyo, hakulitaja.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichokuwa nacho ni mikono ya kijana. Niliitazama. Iliinuka, ikachora duara, ikaonyesha bahari, ikashuka polepole. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa. Mikono ikaonyesha chini, watu wakainamisha vichwa, nami nikainamisha. Kila kitu kilikuwapo mbele yangu na mwanga wa kutosha: jiwe, nyasi, mjusi wa kichwa chekundu juu ya ngazi, bwawa kavu lenye majani makavu yaliyokusanywa na upepo kwenye pembe moja. Niliviona vyote. Sikujua ni vya nini.

Je, ndivyo itakavyokuwa? Si giza, kama watu wasemavyo. Mwanga tele, na vitu vyote mahali pake, na hakuna wa kuniambia vinasemaje?

Nilisimama kando ya bwawa nikahesabu pembe. Nikahesabu tena. Nilitaka nimpelekee kitu ambacho hakina shaka.

*

Jioni, kwenye meza ya hoteli, wali wa nazi na pweza, mjane alifungua daftari. Yeye naye hakupanda. Alibaki na wenye magoti. Akauliza huko juu kuna nini. Kabla sijatambua kwamba swali ni langu, mwenzangu alishaanza kujibu.

Alilieleza bwawa. Nilimtazama midomo, na yale ambayo midomo haikunipa niliyajazia. Alieleza pembe zake nane, ngazi, jabali, bahari chini. Alieleza vizuri kuliko nilivyomweleza mimi. Alikuwa mwalimu bora kuliko mimi siku zote, na kila mkaguzi aliyepita alilijua hilo. Mjane akaandika. Kisha mwenzangu akasema maji ya bwawa yalikuwa yametulia, na kwamba ukiinama unaliona anga ndani yake.

Bwawa ni kavu. Nililiona kwa macho haya. Katika jengo lile mimi ndimi niliyekuwa shahidi kwa niaba yetu, na maji yale hayakuwemo katika nilivyomletea.

Sikumbishia. Mtu ambaye nimembishia juu ya mbuzi kwa umri mzima wa ndoa, nilimwachia bwawa zima la maji. Mjane akaandika maji. Nikaangalia kalamu ikipita.

Usiku sikulala upesi. Kwa nini nilinyamaza? Ilikuwa heshima? Nilimpa zawadi, kwa kuwa hakupanda? Au ndivyo watu wanavyowafanyia waliokwisha kuondoka, wanawaachia waseme watakalo, kwa sababu kuwasahihisha hakuna maana tena? Nilimsikia anapumua kando yangu. Hilo bado nalisikia, au nalihisi, siku hizi sitofautishi. Je, nilikuwa nimeanza kumzoea akiwa hayupo, naye yupo?

Asubuhi tukapanda Kosta kurudi Dar. Tulipopita Nangurukuru nikamgeukia.

"Mwalimu, lile bwawa halina maji."

"Lina."

"Mimi nilikwenda. Ni kavu. Lina majani."

"Ulikwenda kiangazi," akasema. "Lile bwawa lina paa?"

"Halina."

"Na mvua ikinyesha? Bwawa lisilo na paa litakosaje maji? Au masika ya Kilwa huliruka?"

Nikamwambia mtu huhesabu alichokiona, hahesabu mvua itakayokuja. Akaniambia kwa hesabu hiyo basi mimi nimeona siku moja ya jumba la miaka mia saba na sina haki ya kuzisemea zilizobaki. Wa kiti cha mbele akageuka kutazama ni akina nani wanaogombana. Mjane akafunua daftari kwenye ukurasa wa jana, akashika kalamu, akangoja. Tulibishana Somanga, tukabishana kwenye daraja bila kujua kwamba tuko juu yake, tukabishana mpaka Ikwiriri.